Kichujio Chenye Mstari wa Bluu

Mliponiacha nilikuwa nyuma ya kaunta, birika mkononi, na yule nesi amekishika kichujio changu cha kahawa kwa vidole viwili, anakigeuzageuza huku anacheka. Wengi mmeniuliza alikuwa anacheka nini. Kaeni vizuri. Kama mnakula, malizeni kwanza.

Kwa aliyeingia leo, nimfupishie. Mimi ni mwanamke mwenye duka la kahawa na mwenye kinyaa, vitu viwili ambavyo mtu mwenye akili timamu haviweki kwenye mwili mmoja. Tangu utotoni sinywi kwenye kikombe kilichoguswa na mdomo wa mtu. Ndugu zangu waliniita Bi Sabuni, na jina likanifuata mpaka kwenye ndoa.

Mashine yangu ya kwanza ya kahawa ilipasuka ikarusha maji ya moto mpaka darini. Rafiki yangu niliyeanza naye biashara, yule tunayemwita Tabasamu kwa sababu hata akikuibia anacheka, aliondoka na viti vyangu akafungua duka lake ng'ambo ya barabara, mlango wake ukitazama wangu. Kibali cha duka nacho kilitoka kwa jina la mume wangu, ingawa kazi anayofanya pale ni kupaka rangi na kusema "itakuwa sawa". Hilo bado halijanitoka rohoni, na mtaona kwa nini nalitaja.

Aliyeniokoa ni mama mkwe. Alikuja na mkoba wake, akaitazama mashine iliyokufa, akasonya. Kesho yake akarudi na vichujio vya kitambaa alivyovishona mwenyewe, vyeupe, kila kimoja kimefungwa kwenye pete ya waya yenye mpini, na kwenye mdomo wake mstari mmoja wa bluu. Unatia kahawa ya kusaga, unamimina maji yaliyotokota, unasubiri. Kahawa iliyotoka humo iliwafanya watu wafumbe macho. Wateja wakaviita soksi. "Nipe ya soksi," wanasema, na mimi nacheka nao. Laiti zingekuwa soksi kweli.

Sharti lake lilikuwa moja: visiguse sabuni. Maji ya moto tu. Tulizozana mimi na yeye, nikashindwa, kwa sababu foleni ilikuwa inafika barabarani na sabuni haijawahi kuniletea foleni.

Mstari ule nikauona bahati. Nikaliita duka Mstari wa Bluu. Nikauweka kwenye aproni, kwenye vikombe, kwenye kibao cha mlangoni. Nikamwambia mume wangu aupake ukutani, uzunguke chumba kizima. Alisimama na brashi, akaniuliza, "Una uhakika, mke wangu? Bluu?" Nikamwambia apake. Akapaka.

Sasa turudi kwa nesi.

"Kitambaa hiki mmekipata wapi?" akauliza.

"Anashona mama mkwe."

"Kushona nimeona. Kitambaa?"

"Anacho mwenyewe. Kwani vipi?"

Akaunyoosha ule mstari kwa kidole gumba, taratibu, kama mtu anayemfuta mtoto uso.

"Dada, mstari huu mimi nautandika kila asubuhi. Haya ni mashuka yetu ya hospitali. Bluu ni wodi ya wanaume. Wanawake wana kijani."

Nikacheka. Mtu akipigwa ghafla anaweza kucheka.

"Vitambaa vinafanana," nikasema.

"Vinafanana. Lakini hii mishono miwili midogo pembeni anashona fundi wetu, ili mashuka yasiibwe." Akaangalia ukuta, akazungusha shingo chumba kizima akifuata ule mstari, kisha akatazama aproni yangu, kisha kikombe chake. Akazidi kucheka mpaka machozi yakamtoka. "Jamani! Mmeifungua wodi!"

Mteja wa meza ya karibu akainua macho. Nikamnong'oneza nesi, "Tafadhali, punguza sauti."

"Usihofu, dada. Mashuka yetu yanachemshwa. Tena yanachemshwa kuliko sahani za hoteli. Hata yakitapikiwa, hata mtu akifanyaje, yanatoka meupe pee."

Hata mtu akifanyaje. Halafu yule mwanamke, mbele ya macho yangu, baada ya kusema maneno hayo, akachukua kikombe chake akakimaliza. Akakilamba mpaka kwenye ukingo! Akasema, "Tamu lakini," akatoka.

Nilikimbilia sinki. Sitawaambia kilichotoka. Nitawaambia tu kwamba kilikuwa kahawa, na kwamba kilikuwa na ladha nzuri hata kikirudi, na hilo ndilo lililonitia kichefuchefu zaidi.

Mnajua duka la kahawa lilivyo? Nyie mnaona mvuke na kijiko cha sukari. Mimi naona rangi ya mdomo iliyoganda kwenye kikombe. Naona karatasi ya kufutia pua imesokotwa ikatumbukizwa kwenye mabaki. Naona jojo lililotafunwa likabandikwa chini ya meza, unaligusa kwa bahati mbaya nalo bado lina joto. Kuna mzee mmoja huja na meno yake ya bandia, huyavua akayasuuza kwenye glasi yangu ya maji, akayarudisha, akanishukuru. Vyote hivyo nilivivumilia kwa sababu nilijiambia, sawa, uchafu ni wa kwao, lakini kinachotoka mkononi mwangu ni safi. Ni hilo tu lililokuwa linanilaza usingizi.

Nikafuta mdomo, nikaenda jikoni nyuma.

Mama mkwe alikuwa amekaa kwenye kigoda, ungo mapajani, anachambua kahawa mbichi. Punje nzima upande huu, iliyotobolewa na wadudu upande ule. Hakuinua macho.

"Mama, kitambaa cha vichujio ni cha nini?"

"Cha kuchujia."

"Kabla ya kuchujia."

Akaitupa punje mbovu. "Shuka."

"La nani?"

"La baba mkwe wako."

"La kitandani kwake nyumbani?"

"Nyumbani alikuwa na kitanda gani mwisho mwisho? La hospitali."

Nikashika ukingo wa meza. "Alilolalia."

"Alilofia," akasema, vilevile tu, kama anaitaja bei ya nyanya. "Walinikabidhi mwili, viatu na miwani. Nikawauliza, basi? Umri wote huu nimeishi na mtu, natoka na viatu? Wakanyamaza. Nikalivuta shuka nikalitia mkobani. Anayelitaka aje anishtaki."

"Mama! Na ukatuletea dukani?"

"Nimelichemsha mpaka mikono ikachubuka. Nimelianika jua kali. Na nimelala nalo mwaka mzima kabla sijalikata."

"Umelala nalo!"

"Kwani nilale na nani? Kitambaa cha kuchujia kahawa kinataka kulainika. Kipya kina wanga, kinaua ladha. Hilo alinifundisha yeye mwenyewe marehemu." Hapo ndipo aliponitazama. "Maisha yake yote alikaanga kahawa kwenye majiko ya watu. Moshi wote kifuani mwake, faida yote mifukoni mwao. Alitaka duka lake, hakulipata. Sasa yumo. Kila kikombe kinapita kwake."

Kinapita kwake. Maneno hayo mawili ndiyo yaliyonimaliza. Nilitaka kumkumbatia yule mama na nilitaka kutapika, na mwili ukachagua kutapika. Nilipotoka bafuni alikuwa anaendelea kuchambua.

"Una mimba?" akaniuliza kwa matumaini.

Nikamsubiri mume wangu. Aliingia mchana ule na ndoo ya rangi, akaketi, akatoa chupa yake ya maziwa. Mume wangu hanywi kahawa. Tangu tufungue duka ana vidonda vya tumbo, ananywa maziwa tu. Wateja hata humtania kwamba mwenye duka la nyama hali nyama. Mimi ndiye niliyekuwa nikimwonea huruma, nikimchemshia uji laini, nikiamka kumkanda tumbo.

Nikaitazama ile chupa ya maziwa. Nikamtazama yeye. Kitu kikafunguka kichwani mwangu, paa!

"Ulijua," nikamwambia.

"Nilijua nini?"

"Shuka."

Akaiweka chupa chini polepole sana. Mtu asiye na hatia haweki chupa namna ile.

"Nani kakwambia?"

"Nimekuuliza ulijua!"

"Nilijua."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ya kwanza. Mke wangu, mimi ndiye niliyekuwa namwinua baba kila asubuhi, nalivuta, naweka jingine. Mstari ule nautambua hata gizani. Unataka niunywe?"

"Na mimi ndiye niunywe?"

Akaanza kufunga kifuniko cha chupa.

"Tumbo lako je?"

"Tumbo langu zima," akasema, akiangalia viatu.

Nimeshaona vitu vya kuchukiza duniani. Nimezibua sinki kwa mkono. Nimeyaokota yale meno ya mzee yalipoanguka. Lakini sijawahi kuona kitu kinachokirihi kama mwanaume mwenye tumbo zima anayekandwa na mke wake huku akijua mke huyo amekunywa nini asubuhi. Ameniangalia nikipuliza kikombe. Ameniangalia nikisema, "Aah, leo imetoka vizuri!" Kisha akanipa mgongo niukande pia.

"Ungeniambia tu!"

"Ningekwambia, ungevitupa. Ungevitupa, mama angekufa. Ulimwona alivyokuwa baada ya msiba? Hali, hasemi. Siku aliyoshona kichujio cha kwanza ndiyo siku ya kwanza aliyoomba chakula mwenyewe. Yeye anaamini nakunywa kila siku. Ananiuliza, 'Baba yako kaamkaje leo?' Namwambia, 'Mtamu, mama.' Ungefanyaje wewe?"

Nikaivua ile aproni yenye mstari. Nikavikusanya vichujio vyote, vilivyotumika na vipya, nikavipeleka uani, nikavitia kwenye debe la taka nikavimwagia mafuta ya taa. Mama mkwe alisimama mlangoni.

"Unamchoma baba mkwe wako," akasema.

"Nachoma shuka, mama."

Akaingia ndani. Hakulia. Nilisikia tu zipu ya mkoba wake, ikifunguliwa na kufungwa. Ingenipasa nijiulize.

Hapo nikajiona nimeshinda. Nikanunua kitambaa kipya cha pamba, kizuri, hakijalaliwa na mtu wala hakijafiwa na mtu. Nikashona. Halafu, kwa kuwa nani ajuaye mikono ya muuza vitambaa inashika nini, nikavifua. Nikavifua kwa sabuni ya unga. Nikaona haitoshi, nikavichemsha kwa sabuni ya kipande. Nikavilowanisha kwenye ile sabuni ya maji yenye harufu ya maua. Nikavisuuza, nikavinusa, nikavirudia tena kwa roho safi. Vilikuwa vyeupe vinaumiza macho.

Mteja wa kwanza alikunywa, akaacha mdomo wazi.

"Mama, leo kahawa ina nini?"

"Ina usafi," nikamjibu.

Wa pili akakipiga funda moja, akakirudisha. "Samahani, sijui nimekunywa au nimeoga."

Kikombe kilikuwa na povu juu. Nikawaambia ni mtindo mpya. Yule mzee wa meno ya bandia ndiye pekee aliyemaliza, na akasema meno yake yametakata. Foleni ikavunjika. Kupitia dirishani nikaiona inavuka barabara, mmoja mmoja, watu wangu, na Tabasamu amesimama mlangoni kwake anawapokea kama bibi harusi.

Na humo ndani kwake, kwenye kiti changu cha zamani, nikamwona yule nesi. Anaongea, anacheka, ananyoosha mikono hewani kupima urefu wa kitu. Nilijua anapima nini. Tabasamu alikuwa amejishika kifua, akitikisa kichwa kwa huruma ya uongo, kisha akageuka akaangalia duka langu. Akanipungia mkono.

Bwana afya, mkaguzi wa usafi wa maduka, alifika kabla meza nilizozifuta hazijakauka.

Ni mtu mrefu, mkavu, anavaa koti jeupe ambalo, niseme kweli, lilinifurahisha kuliko mwanaume yeyote mwaka huo. Kibali chetu kilikuwa kinakwisha, na yeye ndiye wa kukipiga muhuri. Asipopiga muhuri, tunafunga. Na tukifunga hatuna kwingine. Kila kitu chetu kilikuwa kwenye kaunta ile, mpaka kitanda cha ndoa tulikiuza tukanunua mashine ile iliyopasuka.

"Nimepata malalamiko," akasema. "Inasemekana mnachujia kahawa kwa nguo za wagonjwa."

"Nani kasema?"

"Wanaolalamika hawana majina." Lakini macho yake yalikwenda dirishani, na ng'ambo ya barabara pazia la Tabasamu likatikisika.

Nikamwekea vichujio vyangu vipya mezani, vyote. Akaviinua juu ya mwanga. Akavinusa. Uso wake ukalegea.

"Hivi ni vipya kabisa."

"Kabisa."

"Sioni shuka hapa."

"Hakuna shuka hapa," nikasema, na kwa mara ya kwanza tangu siku ya nesi nilipumua mpaka chini. Nilikuwa nasema kweli! Mjue raha yake.

"Basi nionjeshe. Lakini mimi nina utaratibu wangu wa kazi. Sinywi wala sili mahali mpaka mwenyewe aanze. Nimeshaokoka mara nyingi kwa utaratibu huo."

"Utaratibu mzuri sana," nikamwambia. Nikamimina vikombe viwili, nikakichukua changu nikakinywa chote mbele yake. Kilikuwa na ladha ya shati lililopigwa pasi. Sikukunja hata sura. Kwangu mimi ilikuwa ladha ya amani.

Yeye akanywa kidogo. Akatoa leso akatemea.

"Sabuni!"

"Ni usafi, bwana afya."

"Sabuni kwenye kinywaji cha watu ni kosa. Inaharisha. Unataka nipige muhuri watu waharishe?" Akaanza kurudisha kalamu mfukoni. "Kwa kahawa hii siwezi. Kama huna njia nyingine ya kuchuja, nafunga leo."

Nikageuka kumtafuta mume wangu. Alikuwa pembeni na chupa yake ya maziwa, midomo mikavu. "Itakuwa sawa," akanong'ona. Nusura nimpige na birika.

Ndipo mama mkwe akatoka jikoni.

Alikuwa amevaa nguo zake za msibani, zilizopigwa pasi. Akamsalimia bwana afya kwa adabu zote, akamwita mwanangu, akamwomba akae. "Umefika kwetu umenyweshwa povu," akamwambia. "Aibu hiyo si yako, ni yetu. Keti nikuchujie ya kwelikweli."

Kisha akafungua zipu ya mkoba wake.

Nilijua kabla hajatoa kitu. Zipu ile niliisikia siku ya debe la taka. Akatoa kopo dogo la biskuti, na ndani ya kopo, kimekunjwa vizuri, kichujio kimoja. Kile cha kwanza kabisa alichokishona. Kilikuwa kimebadilika rangi kama jani la tumbaku, isipokuwa mdomoni, ambako mstari wa bluu ulikuwa mkali vilevile. Akakivisha kwenye pete ya waya akakishika hapohapo mdomoni, mkono mzima, mstari wote ukapotea chini ya vidole vyake.

"Mama," nikasema.

"Nimewasha jiko mwenyewe," akanijibu. "Wewe pumzika."

Ningesema nini? Nikisema, kibali hakuna, duka hakuna. Nikinyamaza, mtu mwenye koti jeupe, mtu pekee katika mtaa mzima anayeona dunia kama ninavyoiona mimi, anakunywa shuka la marehemu. Maji yakamwagika. Harufu ikapanda. Mungu anisamehe, harufu ile ilikuwa nzuri. Mate yalinijaa mdomoni, na mate hayohayo yakanitia kinyaa, nikayameza, nikajichukia kwa kuyameza.

Akamimina kikombe kimoja, akakisukuma mbele ya bwana afya.

Bwana afya akakiinamia, akafumba macho. Nikawaona wateja wawili waliobaki wanageuza vichwa. Mlango ukafunguka, Tabasamu akachungulia, pua mbele. "Nimekuja kuazima sukari," akasema.

"Hii," akasema bwana afya polepole, "hii ndiyo kahawa."

Akaitoa kalamu tena. Akautoa muhuri. Akauweka muhuri juu ya kibali chetu bila kuupiga. Halafu akakisukuma kile kikombe kwangu.

"Anza wewe."

Nilikitazama. Kilikuwa kinatoa mvuke. Kwenye ubavu wake kulikuwa na mstari wa bluu, niliouchagua mimi mwenyewe, nikamlipa mtu auchore.

"Nimeshakunywa kile cha kwanza," nikasema.

"Kile kilikuwa kile. Utaratibu ni utaratibu."

Nikaushika mkono wa kikombe. Nikakiinua. Kilifika kwenye kidevu. Nikamwona baba mkwe, siku ya mwisho tulipomtembelea, kinywa wazi, jasho limechora umbo lake kwenye shuka. Nilijua nikikigusa tu kwa mdomo, nitamtapikia bwana afya kwenye koti lake jeupe, na huo ndio utakuwa muhuri wetu.

Mama mkwe alikuwa ananiangalia. Haniombi, hanitishi. Ananiangalia tu, kama mtu anayesubiri kuona mgeni wake atapokelewaje.

Basi nikakumbuka kitu. Jambo lililokuwa limenikaa rohoni tangu siku ya kwanza, mara hii likaja na faida.

"Bwana afya," nikasema, nikakishusha kikombe, "wewe unataka aanze mwenyewe, sivyo?"

"Ndivyo."

"Soma kibali hicho. Kina jina la nani?"

Akasoma. Akainua uso.

"Cha kwanza nilikunywa kama mfanyakazi," nikamwambia. "Hiki ni cha mwenye kibali." Nikageuka, nikamnyooshea mume wangu kile kikombe kwa mikono miwili, kwa heshima zote za mke mwema. "Karibu, mume wangu."

Mume wangu akawa mweupe kuliko vichujio vyangu.

"Mimi nina vidonda vya tumbo," akasema.

"Toka lini?" akauliza mama yake.

Swali hilo lilitoka kwa upole sana. Jamani, sikulipanga. Nilitaka tu kujinasua, na nilitaka mume wangu ajue inavyokuwa. Nilikuwa nimemsahau kabisa mama.

"Si unakunywa kila asubuhi?" mama mkwe akaendelea. "Mbona hukipokei? Kunywa, mwanangu. Ni ya baba yako."

Akakipokea. Bwana afya alikuwa ameshika muhuri hewani. Tabasamu ameshaingia mzima, amesahau sukari. Mume wangu akanitazama mimi, na kwa mara ya kwanza kwenye ndoa yetu hakusema itakuwa sawa. Akakipeleka kikombe mdomoni. Nikaona koo lake likipanda na kushuka, na kimoyomoyo nikamwambia, kunywa, kunywa, meza tu, kunywa.

Akakiweka mezani, kimejaa vilevile. Akamgeukia mama yake, machozi yanamtoka.

"Mama, nisamehe. Sijawahi kunywa hata siku moja. Nikiliona lile shuka..."

Vidole vya mama mkwe vikalegea. Kichujio kikamponyoka, kikaanguka juu ya kaunta, mstari juu.

"Shuka gani?" akauliza bwana afya.